Nilipanda mzabibu Dzaleka ili nipewe mke: vita yangu na mchwa, ukungu na mama mkwe

Wakuu, habari za jioni popote mlipo.

Juzi nimepita kwenye uzi wa jamaa mmoja humu, analia kwamba mzabibu wake wa uani umegeuka mweupe na vichala vinaoza kabla ya kuiva. Nusu ya wachangiaji wakamwambia ang'oe apande papai. Nikasema hapana, hili nalijua kwa mikono yangu, acha niandike.

Nitakayosimulia yalinipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha ili watu wasije kunigongea mlango. Mengine yote yalikuwa hivyohivyo, hata pale panapochekesha.

Ni ndefu kidogo. Weka chai karibu.

Mi ni mtoto wa Uvira, mashariki mwa Congo. Vita ya pili ilipotufikia nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza sekondari, sina mke, sina hata kuku. Cheti nilikikunja nikakiweka ndani ya soksi, tukatawanyika kila mtu na njia yake.

Nilivuka ziwa mpaka Kigoma juu ya magunia ya dagaa. Kigoma nikapanda treni mpaka Tabora. Kutoka hapo ni malori tu, leo unabebwa na mahindi, kesho na mabati, mpaka Mbeya. Nikavuka mpaka, nikaingia Karonga nikiwa na njaa ya kuona nyota mchana. Mama mmoja pale stendi akanipa sahani ya nsima, ugali wa kwao, na samaki wadogo, hakuniuliza hata jina. Nikamwambia asante kwa lugha zote ninazojua. Akacheka, akanifundisha neno la kwanza la Malawi: zikomo.

Mzuzu, Lilongwe, halafu matola moja ya kwenda Dowa, vile vigari vya wazi vinavyobeba watu na mizigo, nimekaa nyuma na mbuzi wawili. Hivyo ndivyo nilivyofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Niseme ukweli wakuu. Watu wakisimulia ukimbizi wanasimulia machozi, na yalikuwepo. Lakini kuna sehemu yangu ilifurahia ile barabara. Kila mji mpya ulinipa hamu ya kuona unaofuata. Hata leo, na mvi hizi, nikisikia lori linabadili gia usiku nageuka kitandani. Ugonjwa huo ndio chanzo cha kisa hiki.

Dzaleka nilipata chumba cha matofali mabichi, ukuta kwa ukuta na Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa Kindu aliyeuza vitenge na viatu vya mitumba. Muislamu safi, mcheshi, akanifanya mtoto wake bila kunishauri.

Mbele yetu alikaa Papa Lukendo, shemasi, mkulima wa Fizi. Na Papa Lukendo alikuwa na binti, Esperance, ambaye alishona nguo kwa cherehani chini ya upenu wa nyumba yao.

Sitaeleza sana. Nilipeleka suruali kupunguzwa mguu. Nikaipeleka tena. Mara ya tatu akaniambia, "Kaka, tukikata tena itakuwa kaptula."

Nikamwomba Mzee Ramazani anisindikize kuposa. Akavaa kanzu, akajipaka mafuta mazuri, tukavuka njia.

Papa Lukendo akatuonyesha benchi.

"Muzee Ramazani, huyu kijana ni wako?"

"Ni wangu tangu juzi, lakini ni wangu."

"Iko na shamba?"

"Haiko nayo."

"Iko na ng'ombe?"

"Haiko nayo."

"Sasa iko na nini?"

"Iko na miguu," akasema Mzee Ramazani, na wanawake waliokuwa nyuma ya pazia wakaangua kicheko.

Papa hakucheka. (Kwetu "njo" ni "ndiyo" au "ndipo", msichanganyikiwe.) "Njo hiyo miguu inaniogopesha. Leo iko hapa, kesho iko Mitundu, kesho kutwa tunasikia iko Johannesburg na mutoto yangu analia. Kwetu Fizi muoaji alikuwa analima kwanza mu shamba ya baba mukwe, tunaangalia mugongo yake. Hapa shamba hakuna. Basi, kijana, panda kitu kimoja tu mbele ya nyumba yako. Siku kitazaa, uniletee nionje. Njo tutaongea."

Mnaona? Mtu mwenye akili angepanda maharage. Miezi mitatu, kazi kwisha.

Mimi wakati huo nilikuwa naenda Lilongwe kubeba makatoni kwenye duka la jumla la Mhindi mmoja Old Town, nikilala kwa jamaa zetu mtaa wa Area 36. Wiki ileile, nyuma ya duka, nikamkuta mtunza bustani anakata matawi ya mmea uliotambaa juu ya waya na kuyatupa.

"Ni nini hiki, achimwene?" nikamuuliza, yaani kaka kwa Kichewa.

"Mpesa," akasema. Zabibu.

Wakuu, zabibu nilizijua zile kavu za kwenye pilau tu. Moyo ukaruka. Nikasema tunda la heshima namna hii, shemasi atanipa binti na kiti cha mbele kanisani. Na kwa kuwa mmea unatambaa kama maharage, nikaamini kabisa kwamba utazaa haraka kama maharage.

Nikaomba vijiti vinne, nikavifunga kwenye gunia bichi, nikarudi navyo kambini nikiimba.

Papa Lukendo alipoambiwa nimepanda nini, alivuka njia mwenyewe na kuvua kofia. Alikuwa amehubiri juu ya mzabibu miaka yake yote ya ushemasi na hajawahi kuuona. Kichwani mwake ulikuwa mti mkubwa wa kupasulia mbao.

"Hii njo muzabibu?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mbona iko nyembamba sawa kamba ya mbuzi?"

Lakini Jumapili akatangaza kanisani: kijana wa jirani amepanda mzabibu, tuuombee. Watu wakaja kutazama kijiti kimoja kilichoshika, wengine wamevaa nguo za ibada.

Wiki iliyofuata nikiwa Old Town nikamuuliza mama yake mwenye duka, bibi mtu mzima aliyependa kukaa uani na kuongea Kichewa na kila mtu: hii mipesa inazaa baada ya muda gani?

"Ukiitunza vizuri," akasema, "mwaka wa tatu."

Katoni la sabuni liliniponyoka.

Nilipomweleza Esperance alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "We mutu! Ungepanda maharage tungekuwa tumeshaoana kwa Pasaka!"

Mtauliza kwa nini sikupanda maharage pembeni. Imetangazwa kanisani, mkuu. Ukipanda maharage baada ya hapo unaonekana umemkimbia Mungu.

Na hapo ndipo akaingia mwanaume mwingine. Alikuwa na kibanda cha sukari na chumvi karibu na kisima, na kila Jumapili alimletea Papa Lukendo kilo ya sukari kama salamu. Tulimwita Bwana Sukari. Hakusema anataka nini, lakini alikuwa akipita mbele ya kijiti changu anakitazama kama mtu anayesoma saa. Kama mzabibu ungekufa, nilijua nani angepewa kiti.

Kwa hiyo sikuhama. Mimi, mtu wa barabara, nikawa narudi kutoka Lilongwe na gari la kwanza kuangalia majani.

Sasa tuje kwenye vita yenyewe, mwenye mzabibu asogee karibu.

Adui wa kwanza alikuwa mchwa. Nilijenga kichanja kwa miti mibichi, na kabla mmea haujafika juu, nguzo mbili zilikuwa zimeliwa ndani zikabaki ganda. Dawa niliyoipata kwa majirani ilikuwa rahisi: choma moto ncha ya nguzo inayoingia ardhini mpaka iwe mkaa kwa nje, halafu paka oili chafu. Mimi oili nilipewa kwenye kinu cha kusagia mahindi, kile wenyeji wanachokiita chigayo. Angalizo: oili ni ya nguzo, usiimwage kwenye mizizi. Kwenye shina nilizungushia majivu tu, na niliyabadilisha kila mvua ilipoyalowesha.

Halafu kuna kupogoa. Msimu wa baridi bibi wa Old Town aliniambia nikate matawi mpaka nione huruma, kisha nikate tena kidogo. Nilipoanza kukata, Papa Lukendo alitoka mbio na mswaki mdomoni.

"Unaua! Unaua muzabibu ya kanisa!"

Hakuniongelesha mpaka machipukizi yalipotoka. Yalipotoka, manene na mengi, alipita akasema tu, "Hmm." Kwa shemasi hiyo ni sifa kubwa.

Mwaka wa pili mmea ukatoa vichala vitatu. Vitatu tu, lakini kambi nzima ya upande wetu ilijua. Ndege nao walijua. Esperance akapata wazo: akakusanya vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kushona, akashona vifuko vitatu vyenye kamba ya kukaza, tukavivalisha vichala.

Ilipendeza, wakuu! Kimoja kilikuwa na maua mekundu, kimoja na samaki, kimoja na kipande cha uso wa mheshimiwa fulani. Watoto waliviita mabibi harusi.

Mvua zikaja. Tulipofungua, ndani kulikuwa na uozo wa kijivu na harufu ya siki. Kitenge ni kizito, kinashika maji, hakipitishi hewa. Tulikuwa tumezipikia zabibu mvuke. Na majani nayo yalikuwa na vumbi jeupe.

Papa Lukendo aligusa jani akatazama kidole. "Iko sawa mutu alianguka mu unga."

Bwana Sukari akapita. "Pole sana, ndugu," akasema, na meno yake yote yalikuwa nje.

Nilienda kwa bibi wa Old Town nikiwa karibu kulia. Akanieleza huo ni ukungu, unapenda majani yaliyobanana. Wenye hela wanapuliza salfa. Kama huna, chukua maziwa, changanya na maji mengi, sehemu moja ya maziwa kwa kama tisa za maji, nyunyiza asubuhi jua likiwa linatoka, rudia kila wiki na kila baada ya mvua kubwa.

Nikarudi na habari hiyo. Mkutano ukazuka palepale mbele ya nyumba.

"Maziwa?" Papa Lukendo alipiga makofi. "Batoto banakosa maziwa, we unanyweshea majani? Hata Farao hakufanya hivyo!"

Mzee Ramazani akasema, "Papa Lukendo, majani yakipona mtakunywa divai mtasahau maziwa."

"Wewe divai inakuhusu nini?"

"Mimi nahusika na zabibu kavu. Pilau haijipiki."

Alikuwa na haki, Papa. Kunyunyizia maziwa mazima mbele ya watoto wenye njaa ni aibu. Basi Mama, mke wa Papa Lukendo, akatatua. Kulikuwa na muuza chambiko, yale maziwa ya mgando ya Malawi, aliyekuja kwa baiskeli kutoka vijijini. Akimaliza kuuza alikuwa anasuuza ndoo zake na kumwaga. Mama akamwomba yale maji ya kusuuzia. Yakawa yananyunyiziwa kwa kifagio cha majani, na mnyunyiziaji, msinicheke, akawa Papa Lukendo mwenyewe. Alisema mimi naruka majani ya chini.

Ukungu ulipungua sana. Haukuisha, lakini majani mapya yalitoka safi.

Mwaka wa tatu, wakuu. Nilipogoa tena, safari hii Papa akinielekeza ni wapi nikate, kama aliyezaliwa shambani mwa zabibu. Mzabibu ukapanda kichanja, ukavuka ukuta, ukalala juu ya paa la Mzee Ramazani. Mzee akatangaza kwamba lile tawi limesilimu. Papa akajibu kwamba tawi ni mgeni tu kule na siku moja litarudi nyumbani. Walibishana hivyo miezi, kila jioni, wamekaa benchi moja.

Vichala vilining'inia kila mahali, na mvua zilikuwa zinakuja. Niliogopa. Huo ndio ulikuwa mwaka wangu. Nikikosa, Papa asingengoja wa nne, na Esperance mwenyewe alikuwa ameniambia, bila utani safari hiyo, "Mi nimechoka kungojea majani."

Siku moja nikaenda Mitundu kununua karanga mnadani. Narudi jioni, nakuta kichanja changu kimenyolewa! Kuzunguka kila kichala, majani hakuna. Vichala viko uchi kabisa.

Na kwa Papa Lukendo kuna sufuria inatokota.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimechuma mboga," akasema kwa utulivu. "Majani mengi vile, laini, mutaacha biharibike? Sisi banamuke ba Congo hatuwezi kuona jani tukaliacha. Iko kauchachu kidogo, nimetia unga ya karanga. Kaa ukule."

Nilikaa nikala, wakuu. Nilikuwa na hasira lakini nilikula, na ilikuwa tamu. Nikamwambia Esperance, mama yako ametuachanisha. Yeye alikuwa anaongeza nsima.

Kumbe! Mvua ikanyesha wiki nzima. Nikawa naamka na moyo mkononi, navikagua vichala kimoja kimoja. Vikavu. Visafi. Jua likitoka kidogo tu linavifikia, upepo unapita katikati. Vile vya juu, ambavyo mkono wa Mama haukufika, ndivyo vilivyopata ukungu. Yeye ni mfupi, na alichuma aliyoyafikia.

Nilipomsimulia bibi wa Old Town alicheka na kukohoa. Akasema ndivyo inavyotakiwa, kuondoa majani yanayofunika vichala, ila alisahau kuniambia kwa sababu aliona kila mtu anajua.

Lakini sikilizeni vizuri: usinyoe mmea mzima. Majani ndiyo yanayoupa mmea chakula. Punguza yale yaliyo karibu na kichala tu, upande wa jua la asubuhi, juu yaache. Na kama umepuliza dawa ya dukani, majani hayo hayaliwi, usije ukaniletea kesi.

Zabibu zilipoanza kubadilika rangi, ndege na nyigu wakaja. Mke wa Mzee Ramazani akatoa pazia lake la zamani la neti, Esperance akashona vifuko upya, safari hii unaona kichala ndani na upepo unapita. Hakuna kilichooza. Shinani nilipaka grisi kidogo juu ya kitambaa nilichozungushia, sisimizi wakakwama. Sisimizi ndio wanaopeleka wale wadudu weupe kama pamba juu.

Siku ya kuonja ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilikata kichala kikubwa, nikakiosha, nikakiweka kwenye sahani ya Mama. Watu walijaa mpaka njiani. Bwana Sukari alikuwepo na kilo yake, kama kawaida.

Papa Lukendo alichukua zabibu moja. Akatafuna taratibu. Akatema mbegu kwenye kiganja, akazitazama. Akachukua ya pili.

"Iko chachu," akasema.

Bwana Sukari akasogea hatua moja mbele.

"Iko chachu sana," akarudia Papa. Halafu akanitazama mimi. "Lakini mi sikusema itakuwa tamu. Nilisema izae." Akamgeukia Bwana Sukari. "Weye, leta hiyo sukari tuchovee."

Wakuu, kelele iliyopigwa pale! Mzee Ramazani alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Watu walikula zabibu na sukari, mbilimbili kila mtu, na Bwana Sukari naye alikula, akasema hazina ubaya. Esperance alisimama mlangoni na sindano bado iko kwenye kola.

Tulifunga ndoa kabla baridi haijaingia.

Tulikaa pale misimu miwili zaidi. Kisha habari za amani nyumbani zikaanza kusikika redioni, watu wakaanza kufunga mizigo, wengine kurudi, wengine kuendelea mbele. Nilidhani mimi ndiye nitakayeanza kuwashwa. Hapana. Ni Esperance aliyeniambia asubuhi moja, anatia uzi kwenye sindano, "Tutakaa hapa mpaka lini? Kuna bahari upande wa Msumbiji. Mi sijawahi kuona bahari."

Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Siku ya kuondoka, matola ilisimama barabarani inapiga honi. Majirani wote walitoka. Mama alikuwa amemfungia binti yake karanga, Mzee Ramazani alikuwa anasoma dua na kufuta macho kwa mkono wa kanzu. Papa Lukendo hakuonekana.

Nikarudi. Nilimkuta chini ya kichanja, ameshika fimbo ndefu ya tete, macho juu. Ulikuwa wakati wa kuiva.

"Papa, tunaenda."

"Nimesikia. Gari inapiga kelele tangu zamani."

"Hutusindikizi mpaka barabarani?"

"Na hapa nani atabakia na ndege?" Akanipa mkono wa kushoto, wa kulia haukuachia ile tete. "Enda, mwanangu. Umuangalie. Mukipata mutoto, mutume habari." Akatazama juu tena. "Na hivi vifuko havitoshi mwaka huu, umuambie asho..."

Ndege akatua. Papa akakimbia, anapiga ukelele wa Fizi ambao sijausikia tena popote. Esperance alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu anacheka na machozi yanatoka. Tukamwacha hivyohivyo. Matola ilipoondoka nilisimama nyuma kabisa, nikawa naona ile tete inapanda na kushuka juu ya mapaa.

Sikurudi Dzaleka tena.

Nilichojifunza, wakuu: mzabibu hauna muujiza. Unataka hewa katikati ya majani, nguzo isiyoliwa, maziwa kidogo asubuhi, na macho ya mtu kila siku. Dawa hata iwe ghali haishindi macho. Papa Lukendo alitaka mmea wa kunifunga mimi, mwisho ukamfunga yeye, na sijawahi kuona mtu aliyefungwa akafurahi vile.

Mwenye mzabibu uani, tupia picha ya jani tuone ugonjwa gani. Wa Dodoma ninyi ndio wenyewe hasa, nirekebisheni nilipokosea. Na wale waliopita Dzaleka miaka ile, jitokezeni, tusalimiane.